Fundi Aliyeng'oa Makomeo ya Ndani

Marehemu tunayemsindikiza leo alikuwa fundi wa vitasa na kufuli, na wengi waliofika hapa hawalijui jina lililo kwenye cheti chake. Wanamjua kama Fundi Komeo. Kabla ya kufariki aliagiza jambo moja tu kuhusu maandishi haya: yasifiche kilichomuua mwanawe wa kiume. Agizo hilo liliigawa familia, kwa sababu huwezi kusimulia habari za mtoto wa kiume bila kugusa za kitindamimba, binti yake, naye yu hai na ana haki ya kusitiriwa. Ubishi ulichukua siku tatu. Haya ndiyo yaliyokubaliwa.

Alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho. Mama yake alipenda kusema kwamba huyu alimwachisha ziwa kwa kumpa bunda la funguo alichezee, na hakulia hata siku moja.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965. Mwaka wa mwisho mwalimu mkuu alipoteza ufunguo wa kabati la mitihani, na mkaguzi alikuwa ameshafika getini. Mwanafunzi huyu aliomba kibanio cha nywele kwa mwalimu wa kushona, akalifungua kabati kabla mkaguzi hajamaliza kusalimiana na watu. Alichapwa viboko viwili kwa kujua kufungua, kisha akapewa daftari jipya kwa kufungua. Mwenyewe aliona ametendewa haki kabisa.

Alijifunza ufundi kwa miaka saba chini ya mzee mmoja mkali asiyejua kusifu. Mwaka 1973 alifungua kibanda chake mbele ya kituo cha mabasi. Ndani palikuwa na meza moja, tupa za kila ukubwa na masanduku ya vitasa vibovu ambavyo hakukubali vitupwe. Mteja akimwambia "Fundi, fanya haraka," alipunguza mwendo makusudi.

Mwaka 1979 aliitwa kwa fundi cherehani aliyefungiwa nje ya chumba chake. Alifungua mara moja, kisha akarudi mara tatu kukikagua kitasa. Mara ya tatu yule dada akamwambia, "Fundi, kitasa ni kizima. Kama mgonjwa ni wewe, sema." Walifunga ndoa tarehe 1 Desemba mwaka huohuo, wakajaliwa watoto watatu.

Mtoto wao wa pili, wa kiume, alianza kutumia unga wa kulevya akiwa na miaka ishirini na moja. Nyumba nzima ilijua, na nyumba nzima ilinyamaza. Mwishoni mwa Julai 2009 aliomba komeo la ndani kwenye mlango wa bafu, na baba yake akalifunga, tena la chuma zito, akifurahi kwamba kijana ameanza kuona haya. Tarehe 2 Agosti, saa tisa alasiri, mlango haukufunguka. Fundi aliyefungua makabati ya shule na sefu za ofisi alisimama pale na zana zake zote, na komeo halina tundu la ufunguo. Walipouvunja kwa shoka, kijana alikuwa ameshakata roho kwa kuzidisha unga. Ratiba ya mazishi ilisema "homa ya ghafla". Marehemu aliichukia ile karatasi mpaka mwisho.

Miaka miwili hakuzungumzia jambo hilo. Mwaka 2011 muuguzi wa zahanati alikuja kutaka kufuli ya kabati la dawa. Katika mazungumzo akasema kwamba karibu wote aliopelekewa wakiwa wamezidiwa na dawa za kulevya walikutwa chooni, mlango umefungwa kwa ndani. Marehemu aliweka tupa chini. Wiki ile alitengeneza komeo lenye tundu jembamba upande wa nje, ambalo hata mpini wa kijiko ungeligeuza. La kwanza alilifunga nyumbani kwake.

Kutoka hapo yeye, muuguzi, mwenye duka la dawa na msimamizi wa vyoo vya kituo cha mabasi walianza kuzunguka, waking'oa makomeo ya ndani na kufunga haya mapya. Mwenye nyumba ya wageni alikataa: "Fundi, wageni wangu wanakuja kujifungia, si kufunguliwa." Marehemu alirudi kila Jumatatu, akaketi na kunywa chai, mpaka mwenye nyumba akachoka kumtazama, akakubali. Jumamosi mchana kibanda kiligeuka kikao cha familia. Wazazi wa watumiaji waliketi juu ya masanduku ya vitasa, na muuguzi akawafundisha kutumia dawa ya kupuliza puani, inayomrudishia pumzi aliyezidiwa. Marehemu ndiye aliyelala chini awe mgonjwa wa mazoezi. Siku moja alilala kweli. Akina mama walipomwita asiitike, kilio kikaanza, na mmoja akamzaba kofi. "Nipo, jamani! Nimesinzia tu!"

Mwaka 2014 kitindamimba naye alianza kutumia. Safari hii marehemu hakunyamaza. Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya wazazi wenzake akasema, "Leo nami nimekuja kama nyinyi." Dada wa marehemu alimkemea, "Watu watasemaje?" Akamjibu, "Wameshasema, dada. Sisi tu ndio tulikuwa hatujasema." Mwaka 2015 binti alizidiwa bafuni, na baba yake akageuza komeo kwa kijiko, akampulizia dawa mwenyewe. Mwaka 2017 alizidiwa tena, katika nyumba ya wageni, na aliyefungua mlango ni yule mwenyewe aliyekuwa amekataa. Binti aliingia kwenye matibabu, akarudia unga, akarudi matibabuni.

Moyo wa marehemu uligundulika kuwa na tatizo Februari 2022. Alilazwa mara nne, na kila mara alikagua kwanza mlango wa choo cha wodi. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, binti yake mkubwa, mkwe mmoja, wajukuu watatu, dada yake, na kitindamimba. Huyu alipoulizwa kama aya zinazomhusu ziondolewe, alijibu kwamba ziachwe zote, ila zisisomwe na mtu mwingine. Sauti mnayoisikia tangu mwanzo ni yake.

Baba, pumzika. Amani iwe nawe.