Marcelline Furaha na Soksi za Mama

Dada yetu Marcelline Furaha Bisimwa alizaliwa Kadutu, Bukavu, tarehe 14 Machi 1964, kifungua mimba wa mama yetu, fundi cherehani. Mama aliolewa mwaka 1959 akiwa amevaa soksi ndefu za nailoni zenye mshono nyuma, zawadi ya bibi mmoja wa Kibelgiji ambaye mama alikuwa akimshonea nguo. Majirani walimsema sana, eti anajifanya mzungu. Miaka ya sabini, mavazi ya kizungu yalipopigwa vita na serikali, alizificha ndani ya pipa la unga.

Marcelline alisoma kwa masista, akamaliza ushonaji mwaka 1982. Tarehe 5 Agosti 1989 aliolewa na shemeji yetu Damien, akiwa na soksi zile zile miguuni. Mama alimwambia mlangoni, "Tembea polepole, mwanangu, hizo si zako peke yako."

Mwaka 2001 yeye na Damien walifika Johannesburg, soksi za mama zikiwa ndani ya sanduku lake. Katika chumba chao cha Joubert Park alitengeneza na kuuza nguo za ndani za zamani: magagulo, sidiria zenye vyuma, mikanda ya kushikilia soksi. Hakuna aliyegusa soksi pale bila kuvua pete na kuvaa glavu za pamba. Uzi ukikimbia, aliupandisha kwa ndoana yake ndogo, kitanzi kwa kitanzi, mpaka usijue palipochanika. Aliwasimulia wateja kwamba wakati wa vita kuu vya pili vya dunia nailoni ilikwenda kwenye miavuli ya askari wanaoruka kutoka ndegeni, na wanawake wa Ulaya wakajichora mstari wa mshono miguuni kwa penseli ya nyusi. Wateja walicheka. Yeye hakucheka. "Nguo ya ndani," alisema, "ni heshima mwanamke anayojipa mwenyewe, hata kama hakuna wa kuiona." Alijaribu kumfundisha binti yake, Chloé, akajibiwa, "Eish, Ma, ikichanika si unatupa tu?"

Saratani ya titi iligunduliwa Septemba 2023. Alitaka arudishwe Bukavu, azikwe kando ya mama. Vita vikaingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa, nasi tukalazimika kumwambia ukweli. Aligeukia ukutani. Baadaye akasema, "Kama siwezi kulala karibu na mama, basi munivalishe soksi zake." Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025.

Jana tulimvalisha, akina mama wa kanisa pamoja nami, sote tukiwa na glavu. Chloé alivua zake. "Nataka kumgusa mama yangu," akasema, na nani angemkatalia? Ukucha wake ukanasa. Uzi ukakimbia kutoka gotini hadi kisiginoni.

"Mama mdogo, rekebisha! Tafadhali, rekebisha!"

Ndoana ilikuwepo mezani. Niliishika, nikairudisha. Mikono pekee iliyojua kazi ile ilikuwa imekunjwa kifuani pake, baridi.

Ameacha mume, Damien, binti, Chloé, wajukuu wawili, na mimi mdogo wake, Victoire, ninayewasomea haya. Mungu amlaze anapojua Yeye, maana sisi tumeshindwa kumlaza alipotaka.