Rifqa Bushra, Aliyekataa Kuvaa Nyeusi

Abuna Bisanti padri wetu, jamaa, majirani, na ninyi mliokuja kuangalia nani analia na nani halii. Jalada la karatasi mliyopewa mlangoni limeandikwa "mjane wa marehemu Labib Shukri". Neno hilo niliiambia kamati mimi mwenyewe jana asubuhi, wakakimbia nalo mjini Mallawi kulichapa kabla sijakaa chini kuandika haya ya ndani. Nitalirudia. Mimi ni Insaf Shukri, dada yake Labib na wifi wa Rifqa tunayemzika leo, na hakuna asiyejua kwamba tulikuwa hatupikiki chungu kimoja.

Rifqa alizaliwa tarehe 14 Septemba 1961 hapa Nazlat Bishai, mtoto wa tatu wa Mzee Bushra Tadros, mkulima wa miwa, na Bi Hikmat. Alibatizwa katika kanisa hili la Malaika Mikaeli. Alipochorwa msalaba wa kifundo cha mkono kwa sindano na wino, akiwa na miaka minne, watoto wenzake walilia. Yeye aliuliza kama unafutika. Alipoambiwa haufutiki hata ukisugua, akanyoosha na mkono wa pili. Ukaidi wake ulianza siku hiyo, wala msidhani alijifunzia nyumbani kwetu.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la sita, mwaka 1973, baba yake akasema inatosha. Masista wa Mallawi walimfundisha kushona kwa miaka miwili. Tangu hapo hadi mwaka jana aliishi kwa cherehani yake, na kazi iliyomlisha zaidi ilikuwa magauni ya msiba. Kila gauni jeusi lililomo humu kanisani limepita mikononi mwake. Jitazameni.

Aliolewa na kaka yangu Jumapili, tarehe 17 Oktoba 1982. Februari 1985 Labib alikwenda Iraki kupaka rangi majumba, Rifqa akiwa na mimba ya miezi miwili. Mlisema alifuata tamaa. Alifuata friji. Mimi nilikuwa mchumba wa Zaki, na niliapa siingii nyumba ya mtu bila friji, nikamlilia kaka wiki tatu mpaka akafunga mzigo. Friji ilikuja. Kaka hakuja. Badala ya barua alituma sauti yake kwenye kaseti, na ya mwisho ilifika Agosti 1989. Alisema atarudi Pasaka, na Rifqa akishona gauni la binti yao Yustina aache upindo mrefu maana mtoto atakua. Kisha vikaja vita huko, na baada yake kimya.

Tulingoja miaka saba. Mama yetu, Mama Labib, akasema inatosha, mwanangu amekufa, nataka kumlilia kama wenzangu wanavyowalilia wa kwao. Palikuwa na jambo moja tu: Rifqa avae nyeusi. Alikataa. Alitoka nje na kitambaa kile kile cha manjano kichwani, siku za kazi na siku za kufunga. Akina mama kwenye tanuri la mkate walimwita Bi Ndimu. Jina hilo nililianzisha mimi, na ninyi mkalipokea kama mkate wa moto.

Abuna alikwenda kwake mara tatu. Abuna yupo hapa, atanisahihisha.

"Binti yangu, kumwamini Mungu ni kupokea alichoamua."

"Nitapokea, Abuna. Ameamua nini?"

"Miaka saba, Rifqa!"

"Miaka naijua hesabu yake. Nauliza ameamua nini. Mimi sijui. Yeye anajua, na hajaniambia. Wewe amekuambia?"

Abuna akaondoka bila kumaliza chai. Nasi tukafanya tulivyotaka. Oktoba 1996 Mama Labib alipata ruhusa jina la mwanawe lisomwe katika sala ya waliolala, ile ya wafu. Rifqa akaja na ndimu yake kichwani, akaketi mstari wa mbele. Jina liliposomwa, akasimama mbele ya kanisa zima. "Abuna, huyo mtoe hapo. Mrudishe kwenye sala ya wasafiri." Mama yangu alizimia. Mimi nilimshika Rifqa kitambaa nikakivuta, kikachanika. Mlinitazama, na hakuna aliyesema Insaf acha. Mliokuwa mnanong'ona kwamba mwanamke huyo hana Mungu, mko hapa leo na mishumaa mirefu.

Wiki ile ile nilimpelekea mita nne za kitambaa cheusi. Nikamwambia, "Nishonee gauni la mjane. Kipimo chako."

"Nani kafa?"

"Unajua nani."

Akashona. Akaleta mwenyewe, limepigwa pasi. "Nimekosea kipimo, wifi, nimekata cha kwako. Halafu Zaki naye anakohoa sana siku hizi." Nilimtupia kiatu. Mume wangu Zaki alifariki mwaka 2003, na gauni lilinikaa sawasawa. Ndilo hili nililovaa. Alikuja msibani siku ya kwanza, akachota maji na kuosha vyombo siku tatu, na hakunikumbusha.

Msinifanye niseme maisha yalimwendea vizuri kwa sababu aliamini. Hayakumwendea. Dari lilimwangukia mwaka 1998. Mchumba wa kwanza wa Yustina alivunja uchumba, kisa mama wa kijana alitaka kwenye kadi ya harusi mbele ya jina la baba wa Yustina paandikwe "marehemu" na Rifqa akakataa. Yustina alimnunia mwaka mzima. Hakuona ndoto, hakutokewa na mtakatifu, hakupata barua. Kila Jumapili alimpa Abuna jina la Labib kwa ajili ya wasafiri, na kila Jumapili Mama Labib, mpaka kufa kwake, alimpa kwa ajili ya waliolala. Kaka yangu aliombewa huku na huku, na sisi tulijipanga upande wa wafu.

Nilimchukia, naandika bila kupaka asali. Nilisema ni kiburi, si imani. Nilitaka kaka awe amekufa, kwa sababu aliyekufa huzikwa na mtu akalala usingizi. Kila nikiona kitambaa kile nilisikia friji ikinguruma. Kwa miaka thelathini na moja Rifqa hakuitaja ile friji, hata siku nilipomtupia kiatu.

Ini lilianza kumsumbua mwaka 2013. Mwaka huu tumbo lilijaa maji, madaktari wakamrudisha nyumbani. Jumatatu, kwaresima ilipoanza, nilikwenda kumwogesha, maana Yustina alikuwa amechoka.

"Wifi," akasema, "wasifu wangu usome wewe."

"Mimi? Watu watacheka."

"Wengine watatia sukari. Wewe hunipendi, utasema vilivyokuwa."

"Nitasema kweli tupu."

"Kuhusu Labib pia?"

"Pia."

"Unaijua?"

Maji ya beseni yalipoa mikononi mwangu. Miaka ishirini nimesema "amekufa" barabarani, sokoni na madhabahuni, na hakuna aliyewahi kuniletea habari hiyo. Nilimwambia, "Sijui, Rifqa." Akafumba macho, akasema, "Ndiyo hiyo tu niliyokuwa nasema." Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 8 Machi 2016, saa nne asubuhi. Hata hivyo jana nilikwenda kuiambia kamati waandike "mjane". Mazoea yana taabu. Mwenye kalamu na alifute sasa hivi, nami nangoja.

Kitambaa cha manjano yumo nacho sandukuni. Kile nilichokichana, alikuwa amekishona tena. Nimemfunga mimi, na asiyependa anione nje.

Ameacha binti mmoja, Yustina, mkwe wake Wagdi, na wajukuu wawili, Labib na Hikmat. Ameacha wifi mmoja. Ameacha mume, Labib Shukri Hanna, mzaliwa wa hapa, fundi wa kupaka rangi, aliyeondoka Februari 1985. Alipo, Mungu anajua. Kesho kutwa Jumapili nyingine inakuja, Abuna, na hakuna wa kukuletea jina lake. Nitaleta mimi, kwa ajili ya wasafiri.

Pumzika kwa amani, Rifqa. Zamu ya kungoja ni yangu.