Mama Hakiki na Orodha ya Waliopotea Njiani

Ijumaa hii, tarehe thelathini Mei, mtakwimu wa hospitali yetu anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi minne. Hiyo miezi minne ni hesabu yake mwenyewe, wala msithubutu kuibishia. Ofisi ya utumishi ilikuwa na tarehe moja ya kuajiriwa kwake, mfuko wa pensheni ulikuwa na nyingine, na barua ya ajira, iliyokunjwa mara nne ndani ya mkoba wake, ilikuwa na ya tatu. Mwingine angepiga kelele. Yeye alichora jedwali, akaziweka tarehe zote tatu sambamba, akaandika maelezo pembeni kwa kalamu nyekundu na kuacha nafasi ya saini. Mkuu wa utumishi alitia saini siku hiyo hiyo.

Jina lake kamili mtalisikia kwenye hafla. Sisi tunamwita Mama Hakiki, tangu mkuu wa maabara wa zamani alipochoka kuulizwa kila asubuhi kama amehakiki. Naye hutuita sote mwanangu, hata mganga mkuu ambaye ana wajukuu wanne.

Kazi yake ni rahisi kuieleza, shughuli ni kuifanya. Hospitali yetu ina kanzidata tatu ambazo hazijawahi hata kusalimiana. Mapokezi wana ya kwao, ambamo mgonjwa ni namba ya kadi. Maabara wana ya kwao, ambamo mgonjwa huyo huyo ni namba ya chupa ya makohozi. Sisi wa dirisha la dawa tuna ya kwetu, na kwetu yeye ni namba ya cheti cha dawa. Uliza idara yoyote, itakuapia kwamba wenye makosa ni wale wengine wawili.

Kila Jumatatu Mama Hakiki huchota kutoka kote kutatu, akaunganisha, akatoa ukurasa mmoja wenye majina ya watu ambao maabara iliwakuta na kifua kikuu, lakini dirisha la dawa halijawahi kuwapa hata kidonge. Aliuita Orodha ya Waliopotea Njiani. Ukitazama mfumo mmoja peke yake huwaoni watu hao, kwa sababu maabara imeshamalizana nao na sisi hatujawahi kuwatia machoni. Wauguzi wa mitaani huchukua ukurasa huo na kwenda kubisha hodi nyumba kwa nyumba.

Msidhani alizaliwa akiijua kazi hii. Katika mwaka wake wa tatu, kwa kuwa namba zilikuwa hazioani, aliunganisha kwa kutumia jina na tarehe ya kuzaliwa. Sasa, wenzetu wa mapokezi wana desturi yao: mgonjwa asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa tarehe mosi Januari. Ukiamini kompyuta yao, theluthi ya wagonjwa wetu walizaliwa siku moja, na kila mwaka mpya tunampa Mama Hakiki hongera za uzazi. Basi wakatokea wanawake wawili wenye jina moja, wote wa mosi Januari, mwaka ule ule, wakaangukia kwenye mstari mmoja. Mmoja alikuwa ameshachukua dawa, kwa hiyo ripoti ikahesabu kwamba wote wamechukua. Yule wa pili alikaa nyumbani wiki tatu akikohoa huku karatasi zetu zikisema anaendelea vizuri.

Tuligundua pale tu dada yake alipokuja dirishani kuulizia majibu. Mama Hakiki alifuatana na muuguzi hadi nyumbani kwa mgonjwa, akaketi naye kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akamwambia kwamba kosa ni lake na si la mwingine yeyote. Mama yule alipona. Mpaka leo akija kliniki hupita kumsalimia Mama Hakiki.

Tangu hapo akaja na utaratibu wake wa kutembeza ripoti, ambao umetutoa jasho wengi. Ripoti ikishatoka huchagua mistari kumi bila kupendelea, akaichukua mkononi, akaanza safari: ghorofa ya pili maabara, chini mapokezi, kisha kwangu dirishani, nikiwa na foleni mpaka mlangoni. Hana papara. Atasimama hapo na miwani puani mpaka nimfungulie leja, na nikijifanya simwoni ataanza kuwauliza wagonjwa wangu habari za nyumbani, mmoja mmoja. Nimejaribu kujificha stoo. Alinifuata stoo, na akiwa humo akagundua maboksi mawili niliyoyaandika vibaya.

Mwezi uliopita tuliletewa mfumo mpya unaounganisha kanzidata zote tatu wenyewe. Mtaalamu wake alibonyeza mara moja, na kwa sekunde arobaini ukurasa ukatoka mtupu, bila jina hata moja la aliyepotea. Tulipiga makofi, mganga mkuu akaagiza soda. Mama Hakiki alikunywa soda yake akaimaliza, akarudisha chupa, kisha akaomba namba kumi za maabara. Wengine walicheka, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Namba ya tatu haikuwa dirishani kwangu. Ya saba nayo haikuwepo. Kumbe mfumo ulikuwa ukiunganisha kwa namba ya simu, na mgonjwa asiye na simu ulimtupa nje bila kumwambia mtu. Walikuwa watu kumi na tisa. Mtaalamu alikosa pa kuweka mikono yake, lakini alirekebisha alasiri ile ile, na kesho yake alionekana akipanda ngazi za maabara na mistari kumi mkononi, Mama Hakiki akimfuata nyuma kama mkaguzi.

Kumi na wanane wamepatikana na wameanza dawa. Wa kumi na tisa ni fundi mwashi aliyehama chumba alichopanga, na hakuna anayejua alikokwenda. Kila siku inayopita bila dawa ni hatari kwake na kwa wanaolala naye chumba kimoja.

Wiki hii Mama Hakiki amenikabidhi kazi, kwa maana mimi ndiye nitakayekalia kiti chake. Amenipa funguo, kompyuta, rula yake ya chuma na droo iliyojaa kalamu nyekundu. Karatasi yenye jina la yule fundi mwashi alikataa katakata kuitoa. Alisema akistaafu atakuwa na nafasi nzuri ya kumtafuta. Mumewe, fundi cherehani mpole, alifika hadi ofisini kutuomba tumrudishie mke wake akiwa mzima, bila mafaili. Tulimbembeleza Mama Hakiki sote, akaitia karatasi mkobani mwake. Ukweli ni kwamba hakuwa ananiamini, na kwa jinsi nilivyocheka siku ile ya soda, simlaumu.

Juzi Jumatano alinipa mistari kumi, na kwa mara ya kwanza yeye akabaki amekaa. Nilipanda, nikashuka, nikarudi na tisa inayooana na mmoja usiooana, nikamwambia hivyo hivyo bila kupamba. Akafungua mkoba, akatoa ile karatasi ya fundi mwashi, akaniwekea kiganjani na kuvifunga vidole vyangu juu yake. Nililia, na sioni haya kuliandika.

Mama, ahsante kwa miaka yote uliyotukalia kooni. Watu wengi wanapumua vizuri leo kwa sababu yako, na wengi wao hawakujui. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku ndefu pamoja na mzee wako na wajukuu. Jana nilizungumza na mwenye nyumba wa yule fundi, na Jumatatu nakwenda kwenye majengo mawili ambako wenzake wanafanya kazi. Wewe kaa nyumbani upumzike. Nikimpata, wewe ndiye mtu wa kwanza nitakayemwambia.