Msinivue Kabla ya Shahada

Sogeeni, wanangu. Abdalah na Nurudini kaeni upande huu ninaouona vizuri, Asmahani wewe kaa hapa karibu na sikio, na asiyeweza kunyamaza akakae uani na kuku. Mimi Mwanaamina, mama yenu, naondoka, hilo halina ubishi, lakini bado sijaondoka.

Ijumaa homa iliponizidi, Abdalah, ulinivua kifaa changu cha kusikia ukakifungia kabatini, ukasema mgonjwa apumzike na mavyumavyuma. Najua ulinihurumia. Nilipofumbua macho nikaona midomo yenu inacheza, nikajua mnanitamkisha shahada, na mimi sikupata hata herufi moja. Niliogopa, mwanangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Miaka tisa tangu homa ya uti wa mgongo nilikaa kiziwi, mkipanga mambo ya nyumba hii mbele yangu, "Mama hasikii, semeni tu," na baba yenu akafa nisijue alichoniagiza. Hayo nimewasamehe, ila hayatarudiwa.

Mnakumbuka waliponipandikiza kile kipande kichwani huko Dar es Salaam, kilipowashwa nikadhani mvua inapiga bati? Madaktari walisema ubongo utajifunza. Nani aliufundisha? Asmahani. Mwaka mzima alikaa nyuma ya pazia la duka akinitajia bidhaa na vijiji, chumvi, maharage, Manyovu, Munanila, nikikosea anarudia, mpaka sauti yake ikawa ya kwanza niliyoielewa bila kutazama midomo. Zenu, wanangu wa kiume, bado zinanijia zikikwaruza, na ya shehe, Mungu amzidishie, siipati kabisa. Basi shahada atanitamkisha Asmahani. Nurudini, usinikunjie uso! Anayesema binti hawezi kumtamkisha mama yake anionyeshe palipoandikwa.

Duka na shamba la Munanila gawaneni kwa sheria, bila kupigiana kelele msibani. Cherehani nilishampa Asmahani mbele ya majirani, asiiguse mtu. Betri za kifaa changu ziko mbili, moja iwe imejaa saa zote, na umeme ukikatika mpelekeeni Bazilio jirani, ana sola. Nikishakufa, kipande cha nje kivuliwe kabla sijaoshwa, kirudishwe hospitali. Cha ndani kiacheni, asinichane mtu kwa ajili yake, nitazikwa nacho. Wa kunivua ni wewe, Abdalah, kwa mkono wako huo huo, ukishanifumba macho. Si kabla.

Radhi zangu mnazo, wote watatu. Mungu awape watoto watakaowasikiliza... na nyinyi muwasikilize... Nipeni maji. Kidogo tu, yatosha. Pumzi imekuwa fupi.

Zimeni redio ya huko nje. Abdalah, mikono yako iweke magotini, niione... Asmahani, anza.