Kumsemea Limi wa Samuye

Mheshimiwa Mtemi wetu, Bwana Shauri wa wilaya, Baba Padre, Sista Bernadina, mkuu wa shule yetu, Bibi Marsden, mwenyekiti wa kamati iliyonichagua, pamoja na wajumbe wenzako, wanangwa wa vijiji vyetu, walimu na wazazi, na ninyi wanafunzi wenzangu mlioketi chini kwa sababu viti vimetolewa kwa wageni: wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu nawaamkia.

Wengi mnajua kwamba mimi si msemaji. Tangu nifike shule hii nimesimama mbele ya watu mara moja tu, nikasoma somo kanisani, na Melania, mwenzangu wa bwenini, akaniambia baadaye, "Paskalia, leo waliokusikia ni malaika peke yao." Leo nitajitahidi nisikike mpaka ukutani kule nyuma, maana ninalotaka kusema linamhusu mtu aliyeketi kule.

Lakini shukrani zitangulie. Kesho asubuhi nitapanda treni hapa Shinyanga kwenda Tabora na Dar es Salaam, kisha meli mpaka Uingereza, nikajitolee mwaka mmoja katika nyumba ya watoto waliopooza miguu. Sitapata mshahara. Nitapewa kitanda na chakula, nami nitawaosha watoto hao, nitawalisha, nitawabeba wasioweza kutembea. Namshukuru baba yangu, Donatus, aliyeomba ruhusa mgodini Geita akaja juu ya lori la pamba, na ambaye mpaka sasa hajakubali kupanguswa vumbi, anasema ni vumbi la heshima. Nawashukuru akina mama wa parokia walionifumia sweta nzito hata nimeshindwa kuinua mikono ndani yake. Na walimu wangu, nitawashukuru kwa kutosahau mliyonifundisha.

Tangu asubuhi mmenipongeza. Mheshimiwa Mtemi amesema kwamba nimeiletea sifa nchi yake, ingawa mimi ni mtoto wa kambi, na wazazi wangu walikuja huku kwa ajili ya dhahabu. Ningependa kuipokea sifa hiyo kwa moyo mzima. Siwezi. Na nikipanda treni bila kueleza kwa nini, nitakuwa nimeondoka na kitu ambacho si changu.

Bibi Marsden, ulipokuja shuleni ukatuambia kwamba kuna nafasi moja ya kwenda kujitolea ng'ambo, tuliomba wengi. Tulichujwa mpaka tukabaki wawili, mimi na Limi binti Maduhu wa Samuye. Tulikuwa marafiki kabla ya hapo na hatukuacha kuwa marafiki kwa sababu ya hapo. Siku ya kuitwa mbele ya kamati, Limi ndiye aliyenipigia pasi sketi. Nikamwambia, "Limi, nitasema nini mbele ya Wazungu?" Akacheka. "Usiogope. Wewe ukiingia, mimi nitakuwa nimeshakusema." Nilidhani ananitia moyo tu, kama watu wanavyosema Mungu yupo.

Akaingia yeye kwanza. Nilikaa barazani. Hakukawia kutoka, akanipita akiinama kidogo, akaninong'oneza, "Nenda, njia nimekufyekea."

Yaliyotokea mle ndani sikuyajua siku ile. Ninayasema leo kwa ruhusa ya Sista Bernadina, aliyekuwa ameketi pamoja na kamati. Bibi Marsden, ulimwuliza Limi ana sifa gani zinazomfaa kwa kazi hii. Akasema, "Yuko mwenzangu nje, anaitwa Paskalia. Ni mvumilivu. Hakasiriki upesi. Akimshika mtoto anayelia, mtoto hulala."

Ukamwambia, "Sikuulizi habari za Paskalia. Nakuuliza habari zako."

Akasema, "Mimi nipo tu, Bibi."

"Umewahi kumtunza mtoto aliyepooza?"

"Nyumbani tunasaidiana."

"Limi, unataka kwenda au hutaki?"

"Mkiona inafaa."

Kamati ikatazamana. Nani angeilaumu? Mtu anaulizwa habari zake anajibu za jirani, anaulizwa kama anataka kwenda anawaachia wengine jibu. Mkaona kwamba msichana huyu hana hamu, labda amesukumwa na walimu, na si haki kumpeleka mbali mtu asiyetaka.

Kisha nikaingia mimi. Na mimi, wazee wangu, nimekulia kambini. Kambini kwetu wamo Waha, Wamanyema, Wanyamwezi, Wafipa, na kila mmoja amefika juzi, hakuna anayemjua babu wa mwenzake. Baba alinifundisha mapema: "Nyapara akipita, sema kazi yako mwenyewe, la sivyo mwenzako ataisema kuwa yake." Ni kweli naogopa kusimama mbele ya watu, lakini nikiulizwa jambo ninajibu. Mliponiuliza kuhusu mapishi, nilisema napika. Mliponiuliza kuhusu ushonaji, nilisema nashona. Mliniuliza kama nataka kwenda, nikasema ndiyo, nataka sana. Juu ya Limi hamkuniuliza, wala mimi sikujua kwamba kuna mtu nje aliyekuwa akingoja niseme.

Jina langu lilisomwa uwanjani, mkapiga makofi, na aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Limi.

Nilikuja kuelewa wakati wa likizo, Limi aliponichukua kwao Samuye. Mama yake alitupokea tukiwa tumepiga magoti, akatupa maji, akatuuliza habari za njiani mpaka zikaisha. Alipokwisha kunipongeza, akaniuliza kwa upole, "Na wewe mwanangu, mwenzako ulimsema vipi?"

Nikamwambia, "Sikuelewa, mama."

"Kule kwa Wazungu. Limi ameniambia jinsi alivyokusema. Nauliza, wewe ulimsemaje yeye?"

Yule mama alinitazama, kisha akatazama jungu lake, akaongeza kuni ambazo hazikuhitajika.

Jioni ile ndipo nilipoelezwa kile ambacho kila mtoto wa Samuye anakijua. Kwao, watu wakija kumtazama msichana wa kuoa, hawamwulizi yeye habari zake. Atajijua vipi? Na akijijua, atajisema kwa mdomo gani? Wanamwita msichana mwenzake, aliyelala naye nyumba moja, aliyeteka naye maji na kulima naye, na huyo ndiye anayesema: huyu mkarimu, huyu mvivu, huyu ana ulimi. Neno la mwenzake ndilo linaloaminiwa. Msichana akijisifu mwenyewe, wageni huchukua fimbo zao wakaondoka. Limi aliingia mbele ya kamati kama binti aliyelelewa vizuri. Alisema habari zangu kwa uaminifu, akatoka, akaniachia mimi zamu ya kusema zake. Mimi nikaingia, nikasema zangu.

Tunaambiwa kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Waheshimiwa, mimi nimeona kizuri kikirudi nyumbani hivyo hivyo, kwa sababu mnunuzi alingoja kijitembeze.

Nilimfuata Limi kisimani. Nikamwambia, "Kwa nini hukuwaeleza?"

"Niliwaeleza. Niliwaeleza wewe."

"Rudi basi kwa Sista, useme kwamba ulitaka kwenda."

Akajitwika ndoo kwanza, ndipo akanijibu. "Niende niseme nini? Kwamba Limi ni mtu mzuri? Nikisema hivyo, Paskalia, si nitakuwa nimeacha kuwa huyo ninayemsema?"

Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwa Sista Bernadina kabla hata sijafungua sanduku langu. Nilimwomba nafasi hii apewe Limi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza kwamba jina limekwisha kwenda ng'ambo, pasi ya kusafiria imekwisha kutolewa kwa jina langu, na nikijitoa nafasi itakwenda kwa msichana wa shule nyingine kabisa. Akasema kwamba mwakani itakuwapo nafasi nyingine. Nikafurahi. Ndipo akaniambia lile linalonisimamisha hapa: kwamba kwa utaratibu wa kamati, msichana aliyeonekana hataki haitwi tena.

Kwa hiyo mnaona, Limi hakukosa nafasi moja tu. Amefungiwa mlango kwa neno ambalo hakulisema. Keshokutwa anarudi Samuye moja kwa moja, na mimi nitakuwa safarini. Mtu aliyelala karibu naye kuliko wote miaka yote hii anaondoka bila kuulizwa. Je, nikinyamaza leo, atasemewa na nani?

Naona Limi amesimama, anaelekea mlangoni. Tafadhali mpisheni, wala msimshike. Hajakasirika. Mwenye kusemwa hakai mahali anaposemwa, na hata hilo, Bibi Marsden, naomba ulione kuwa ni adabu yake.

Sasa nitamsema.

Ule mwaka wa surua, watoto wa darasa la tano walipojaa chumba cha wagonjwa, Limi alikwenda kuwalisha uji. Walikuwa na vidonda mdomoni, wakakataa. Mwalimu mmoja alisema wabanwe pua. Limi aliketi sakafuni katikati yao akaanza kunywa ule uji mwenyewe, polepole, akisema ni mtamu na kwamba anaogopa utamwishia. Mtoto wa kwanza aliyeinua mkono alikuwa mdogo kuliko wote. Kabla ya kengele ya mchana sufuria ilikuwa tupu, na Limi aliumwa tumbo kwa kunywa uji mwingi kuliko wagonjwa.

Yuko msichana bwenini kwetu, sitamtaja, aliyekuwa akikojoa kitandani alipofika hapa kutoka kwao. Limi alikuwa akiamka kabla ya wengine, anachukua shuka la yule mtoto pamoja na lake mwenyewe, anayafua yote mawili. Tulimcheka. Tulimwita Bibi Sabuni, tukamwuliza kama kwao hakuna vumbi hata anaona kila kitu kichafu. Akaendelea kufua. Mimi niliyekuwa kitanda cha pili nilijua, akaniomba nisiseme, nami sikusema mpaka leo ambapo yule msichana ni mkubwa na amenipa ruhusa.

Na la mwisho. Kamati iliuliza kama amewahi kumtunza mtoto aliyepooza, naye akajibu, "Nyumbani tunasaidiana." Nimefika kwao. Mdogo wake, Mbuke, miguu yote miwili haina nguvu tangu alipougua homa akiwa mchanga. Limi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akawa mzito, kisha akamfundisha kukaa, kisha akamchongea mikongojo, akiirefusha kila likizo kadiri mtoto anavyokua. Nilimwona Mbuke akianguka uani. Nilikimbia nimwinue. Limi akanishika mkono, akasema, "Ngoja, anajua njia ya kuinuka. Ukimwinua ataisahau." Tukangoja. Ilichukua muda mrefu, nami nililia, Limi hakulia. Mbuke akainuka, akatutazama kwa dharau, akaenda zake kufukuza kuku.

Mimi ninakwenda kuwabeba watoto. Limi angekwenda kuwafundisha kuinuka. Ni nani katika ukumbi huu asiyeona tofauti?

Bibi Marsden, sikushtaki. Uliuliza maswali ya haki kwa desturi yenu, naye alijibu kwa haki kwa desturi yake, na hakuna aliyekosa, ila mtu amekosekana. Ninachoomba ni kidogo. Neno hili kwamba Limi hataki, naomba kamati ilifute. Mwakani mkija, mwiteni, na anapoingia mwacheni aingie na mwenzake. Melania amekubali kubaki mjini akisaidia zahanati ya misheni, naye alilala kitanda kinachofuata changu. Melania hana aibu kama mimi. Huenda mkalazimika kumnyamazisha.

Baba, najua ulitaka ukirudi kambini uwaambie majirani kwamba binti yako amewashinda wote. Nisamehe kwamba nimekupunguzia. Nitaifanya kazi hii kwa nguvu zangu zote, nitaamka mapema, sitalalamika kwa baridi. Watoto wa ile nyumba watanipokea vizuri, na pengine watanipenda, kwa kuwa hawatajua ni nani waliyemkosa. Mimi nitajua, kila siku nitakapowainua.

Mmenisikiliza kwa subira kuliko nilivyostahili, na kwa hilo nawashukuru, wakubwa kwa wadogo. Treni inaondoka kesho. Mpaka itakapoondoka nipo hapa, Bibi Marsden, na kama kamati ina swali lolote juu ya Limi, naomba sasa niulizwe.