Wageni Wale Washibe, Vijana Wetu Wangoje Filimbi

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo. Kocha Gaston, tunayekuaga leo. Mama Mwanaasha na Mama Célestine, wenye jiko lao. Wageni wetu, vijana kutoka Alexandra, ambao tutacheza nao saa tisa. Wachezaji wetu, nanyi nyote mliojibana humu ukumbini: salaam, bonjour, na sanibonani.

Mimi Othmani, fundi cherehani wa hapa Doornfontein na mwenyekiti wa timu, nimeombwa nimsifu kocha. Nitamsifu. Ni nani mwingine angewachukua Wakongo, Watanzania na Warundi, wanaogombana kila mmoja kwa Kiswahili cha kwao, akawafanya wamfunge bingwa wa ligi nyumbani kwake? Msimu huu wa 2017 vigogo wote wametukoma.

Lakini ndugu zangu, tuambiane ukweli. Vigogo tunawafunga, halafu wanyonge wanatufunga sisi. Kuna timu ilikuja bila kipa, ikamvisha glavu dereva wao wa teksi, na dereva yule akaidaka penalti ya Gradi, mpigaji penalti wetu. Eish, niliumwa kichwa wiki nzima.

Leo ni mechi ya mwisho. Tukishinda tunabaki ligini. Tukikosa ushindi tunashuka, na Mheshimiwa ameshasema wazi kwamba timu itavunjwa, uwanja ugeuzwe maegesho ya magari. Asubuhi kocha aliniambia, "Papa Othmani, Jumatatu nikipita pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, nataka nisikie mpira unapigwa, siyo honi." Niligeuka nikajifanya nahesabu jezi. Niliogopa nitalia mbele ya wachezaji.

Basi nikakaa nikachunguza, na ugonjwa nimeupata. Vigogo huja na basi lao, wakatutazama kwa dharau, wasishuke hadi muda wa mechi. Nani awakaribishe? Lakini wanyonge huja kwa miguu, wamechoka, na Mama Mwanaasha akiwaona tu, huruma inamshika: karibuni wanangu, mechi haikimbii. Pilau linapakuliwa. Mama Célestine naye hakubali kupitwa, analeta ugali wake wa fufu na kisamvu chake cha sombe. Na kwetu mgeni haachwi ale peke yake. Sasa mgeni, kwa haya zake, anadonoa kidogo. Mwenyeji, ili kumtoa haya, anakula kweli kweli. Nilipomwuliza Gradi kuhusu ile penalti, alisema mguu ulikataa kunyanyuka.

Je, tuache ukarimu? Hasha, akina mama, sithubutu kusema hivyo mbele yenu. Pikeni, tena pikeni sana. Wageni wetu wa Alexandra hawataachwa peke yao: watakula na Mheshimiwa, watakula na mimi, na wazee wote ambao hatuchezi leo. Tutawatoa haya sisi wenyewe, mpaka waombe maji. Vijana wetu watangoja nje, mbali na harufu, na sahani zao watazikuta filimbi ya mwisho ikishalia. Gradi, rudisha hiyo sambusa. Nawe Kocha Gaston, nakuheshimu sana, lakini sahani iliyo chini ya kiti chako nimeiona tangu nilipoanza kusema.

Kocha, umetulea vizuri, tunakupenda, na Jumatatu utausikia mpira wako. Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na njaa zenu. Mama Mwanaasha, tafadhali, waongezee wageni nyama.