Mabil Thiong, Anayezikwa kwa Kibali cha Rafiki Aliye Hai

Ndugu waombolezaji, mchungaji wetu, mheshimiwa chifu, majirani wa Kakuma na wageni mliotoka Lodwar alfajiri, ejok, hamjambo, na asanteni kwa kufika. Kabla ya kuanza, familia inaomba kusahihisha jambo moja. Kibali cha mazishi kilichoko mezani, chenye muhuri mzuri usio na doa, kinasema kwamba tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 25 Januari 2025, ni Lokeno Ekal wa Kanamkemer, Lodwar, naye Lokeno Ekal ndiye yule aliyeketi karibu na spika, mwenye shati la buluu, anayelia. Tunayemzika ni Mabil Thiong Majak, na historia hii ni ya Mabil. Mama yake, Mama Anyieth, alituambia juzi kwamba yuko tayari kumzika mwanawe bila jeneza la maana, bila chakula cha wageni, hata bila sisi, lakini si kwa jina la mtu mwingine, na ndiyo sababu tumeandika kila kitu na tutakisoma polepole.

Mabil alizaliwa tarehe 14 Machi 1996, hapa hapa Kakuma, mtoto wa pili na wa pekee aliyebaki wa marehemu Thiong Majak na Anyieth, waliokuwa wamefika kwa miguu kutoka pande za Bor, ng'ambo ya mpaka, miaka minne kabla. Mama anaikumbuka tarehe hiyo kwa sababu laga la Tarach, ule mto mkavu, lilijaa usiku huo likaondoka na jiko lao, ila kompyuta ya usajili haikuwa na sehemu ya kujaza laga, ikampa tarehe moja Januari, siku ambayo, kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo, karibu nusu ya kambi ilizaliwa kwa pamoja. Baba yake alifariki kwa malaria mwaka 2004, akaacha picha moja na karatasi moja, na mchwa wakavila vyote viwili katika msimu mmoja wa mvua, na hilo, waombolezaji, mlikumbuke, kwa sababu ndilo lililotufikisha hapa.

Alisoma shule ya msingi humu kambini, darasa la watoto mia moja na ishirini, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2011 na kupata alama 312, kisha sekondari hadi mwaka 2015, akapata C. Matokeo yalipotoka, Mama Anyieth, ambaye hakusahau mchwa, alizikusanya karatasi zote za mwanawe, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, matokeo ya mitihani na karatasi yake ya usajili wa ukimbizi, akazibeba kwa kitenge mpaka kwenye kibanda cha kupiga picha na kopi, akazipigisha lamineti zote, yaani zikafunikwa plastiki kwa moto, mbele na nyuma, zikang'aa. Alirudi nazo akasema, "Sasa hata mchwa akija na meno ya chuma." Nyumba nyingi hapa zimefanya hivyo hivyo, na wengi mnaonisikiliza mnazo karatasi zinazong'aa chini ya godoro.

Kati ya mwaka 2016 na 2021 Mabil alisomea ufundi, na hapa familia inaomba uvumilivu, kwa maana vyeti ni tisa. Cha kwanza ni cha kuchomelea vyuma, chini ya Mwalimu Baudouin kutoka Kongo, ambaye yupo nasi, na ndicho cheti pekee kilichomfundisha kazi. Vilivyofuata ni vya umeme wa jua, kutengeneza sabuni, ujasiriamali, ujasiriamali tena kwa wafadhili wengine, ushonaji, uongozi wa vijana, kujitambua, na ufugaji wa kuku, mafunzo ya siku kumi na mbili ambayo hayakuwa na kuku, kuku alichorwa ubaoni. Katika darasa la kuchomelea ndiko alikokutana na Lokeno, aliyekuja kwa nafasi za vijana wenyeji, wakawa wanagawana miwani moja ya kuchomelea kwa zamu, na urafiki ulioanza kwa miwani haukuisha mpaka wiki iliyopita.

Kuhusu kazi, marehemu alichomelea mageti, madirisha na vitanda kuanzia Kakuma hadi Kalobeyei, lakini hakuna mahali alipoitwa mfanyakazi, aliitwa mtu wa kujitolea anayepewa posho, na barua ya kushukuru kila Desemba. Lokeno naye, mwananchi kamili mwenye kitambulisho, alituma maombi ya kazi Lodwar kwa miaka saba na kuambiwa hana uzoefu, kwa hiyo mmoja alikuwa na uzoefu asio na ruhusa ya kuutumia na mwingine ana ruhusa isiyo na cha kuruhusu. Walikuwa wakilicheka jambo hilo sana. Lokeno alikuwa akimwambia, "Mabil, tukiunganishwa sisi wawili tunatoka mtu mmoja wa kuajiriwa," na hakuna aliyejua kwamba hayo maneno yangeingia faili.

Tarehe 11 Agosti 2018 Mabil alifunga ndoa na Adau, katika kanisa hili, baada ya ng'ombe wa mahari kutajwa kwa simu na kukubaliwa kwa simu, wakabarikiwa watoto wawili, Majak, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2019, na Anyieth mdogo, aliyezaliwa tarehe 20 Januari 2022, ambaye amefikisha miaka mitatu Jumatatu hii, baba yake akiwa mochari.

Mwaka huo wa 2022 ilitangazwa kwamba mkimbizi mwenye ufundi ataweza kuomba kibali cha kazi, na mwezi wa Machi Mabil alivaa suruali ya harusi, akabeba vyeti tisa na karatasi yake ya usajili, akapanga foleni mbele ya dirisha ambalo vyuma vyake alivichomelea mwenyewe. Karani aliigeuza ile karatasi huku na huku kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba, akauliza, "Hii imefungwa plastiki, muhuri itagonga wapi?" Mabil akaomba ugongwe juu ya plastiki, ukagongwa, wino ukateleza, ukafutika kwa kidole. Akaambiwa alete ya asili. Akasema ya asili ndiyo hiyo, iko ndani. Karani, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamjibu, "Basi itoe ndani, kijana, halafu urudi," na akaita mwingine.

Usiku huo walijaribu wembe, kisha pasi ya mkaa juu ya kitambaa chenye maji, Mama ameshika taa na Adau ameshika pembe, na plastiki ilipoachia iliondoka na wino wote, picha na jina vikabaki upande wa plastiki, karatasi ikabaki nyeupe kabisa. Mama Anyieth hajawahi kuisimulia siku hiyo bila kujipiga kifua. Mabil alimwambia, "Mama, wewe ulikuwa unanilinda," akarudia mara nyingi, na akaanza kuomba karatasi mpya, akapewa namba ya kusubiri, akasubiri miezi kumi, na familia inapenda kuwafahamisha kwamba ile namba bado inasubiriwa.

Lokeno alikuwa ameshapata pasi ya kusafiria, kwa ahadi ya wakala mmoja aliyekuwa akitafuta mafundi wa kupeleka katika nchi ndogo ya visiwa, ambayo hatutaitaja kwa kuwa kuna watoto wa watu bado wamejificha huko. Mama yake Lokeno akapooza upande mmoja, yeye akashindwa kumwacha, akampa Mabil pasi. Mchungaji ametuomba tusiseme kwamba lilikuwa jambo jema, nasi hatusemi. Tarehe 6 Februari 2023 Mabil aliondoka Lodwar akiwa Lokeno, maafisa wa njiani waliitazama picha, wakamtazama yeye, wakaona mrefu, mweusi, amekonda, wakagonga muhuri, na alimpigia Adau akishangaa jinsi muhuri unavyokubali upesi ukipata karatasi isiyo na plastiki.

Kule kisiwani alichomelea matangi ndani ya boti za watalii, amejikunja tumboni mwa chuma, bila barakoa wala feni, moshi ukitafuta pa kutokea na kuishia kifuani mwake. Nje ya karakana, ukutani, waliketi wanaume wa pale pale, wenye nchi yao, hawana kazi, na redio ya duka ikisema kila asubuhi kwamba vijana wa taifa hawana ujuzi na kwamba wageni wasio na vibali watafagiliwa. Mabil alimwambia Adau kwa simu, "Hata huku watu hawana kazi, wana semina." Mmoja wa wale wa ukutani, baba wa watoto watatu, alimwomba amfundishe, naye akamfundisha, kwa muda wa miezi mitano, kama alivyofundishwa na Mwalimu Baudouin, kwa kugawana miwani. Yule bwana alipoweza kazi, mtu fulani alipiga simu. Hatujui ni nani, na marehemu alikataa kukisia, alisema tu, "Kazi ilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili, mngetaka afanyeje?"

Alikamatwa Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, akawekwa kizuizini wiki tatu, kisha akarudishwa kwao, na kwao, kwa mujibu wa hati ya kumfukuza, kulikuwa ni Kenya, raia. Aliitunza sana ile hati. Alizaliwa Kenya na kuishi Kenya miaka ishirini na sita bila mtu kumwandikia hivyo, na ilibidi afukuzwe na nchi nyingine, kwa jina lisilo lake, ndipo aandikiwe. Alipofika kambini alikuta jina la Mabil limefutwa kwenye orodha kwa kuwa hakuonekana siku ya kuhesabiwa, kwa hiyo mwezi Juni mwaka jana Mabil hakuwepo popote, aliyekuwepo ni Lokeno, na Lokeno walikuwa wawili.

Kikohozi alirudi nacho. Kufikia Septemba hakuweza kulala chali, na tarehe 3 mwezi huo alilazwa Lodwar kwa kadi ya bima ya Lokeno, kwa sababu mtu asiyekuwepo hana bima. Madaktari walisema mapafu yamejaa moshi na makovu, wakafanya waliloweza. Kwa miezi minne Adau alimwita mume wake Lokeno mbele ya manesi, na Mama Anyieth, asiyeweza kusema uongo, alikaa kando ya kitanda, asimwite jina lolote. Siku ya mwisho, Ijumaa tarehe 17 Januari 2025, saa tatu asubuhi, marehemu alimshika mama mkono akamwomba, "Niite." Nesi alikuwa karibu anabadilisha dripu. Mama akatazama nesi, akatazama mwanawe, akasema kwa sauti ya juu, "Mabil." Nesi hakugeuka. Mabil akafumba macho, na hakuyafumbua tena.

Familia inawashukuru madaktari na manesi, hasa yule ambaye hakugeuka, majirani waliotoa maturubai na maji, kwaya, Mwalimu Baudouin na mafundi wenzake waliouchomelea msalaba wa chuma tangu juzi, na mheshimiwa chifu, ambaye sheria inamtaka ahakikishe kwamba jina la msalabani linafanana na la kibali, na ambaye ametuarifu kwamba leo amesahau miwani nyumbani. Lokeno tunakosa namna ya kumshukuru. Wiki hii aliitwa Lodwar kwa usaili, wa kwanza katika miaka saba, akakuta kitambulisho chake ni cha marehemu, akaambiwa alete uthibitisho. Tulipomwomba msamaha alisema, "Mzikeni Mabil kwanza, mimi nitahangaika na kufufuka Jumatatu."

Jina kamili la Mabil haliko kwenye kibali, haliko hospitali, haliko kwenye orodha ya kambi. Liko kwenye chuma kile, na kwenye karatasi hii ninayoisoma, ambayo Mama Anyieth ameomba apewe tukimaliza. Atapewa, Mama. Tunakusihi kitu kimoja tu, usiipigishe lamineti.

Mabil, mwana wa Thiong, mwana wa Majak, fundi, pumzika kwa amani, kwa jina lako.